Baridi ya Hamburg na Elimu ya Arobaini

Mtu wa Mombasa akisema ana safari ya Ulaya mwezi wa kwanza, kila anayekutana naye humtajia koti. Jirani atasema koti, wa kazini atasema koti, na binamu aliyefika London mwezi wa Agosti atasisitiza liwe zito. Sina ubaya na koti. Lakini safari yangu ya kwanza ya majira ya baridi ilikuwa ya kwenda kumlea mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, na kwa sababu hiyo nilijiandaa kwa njia nyingine, ambayo naamini itamfaa yeyote anayetoka Pwani, awe anakwenda kusoma, kufanya kazi au kutembea tu.

Dadangu mkubwa anaishi Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, na mtoto wake wa kwanza alitarajiwa mwanzoni mwa Januari. Mamangu magoti yamemkatalia safari ndefu, kwa hiyo arobaini ya dadangu, zile siku arobaini za kumtunza mzazi baada ya kujifungua, ikawa juu yangu. Sanduku langu likapewa kazi mbili: kunikinga mimi na baridi, na kumfikishia yeye vile ambavyo mzazi wa kwetu hastahili kuvikosa.

Tulipokaa na mamangu kuandika orodha, nikaanza kumsikiliza kwa sikio jingine. Sisi wa Pwani hujihesabu kuwa watu tusioijua baridi. Hata hivyo, kila nyumba ya Kiswahili ina elimu kamili ya kulinda joto la mwili, na elimu hiyo hutolewa kabatini kila mwanamke anapojifungua. Mzazi huvaa soksi hata kama ni Februari na jua linachoma mabati. Hufungwa mkaja tumboni. Hufunikwa kichwa na masikio. Haogi maji baridi, hayanywi, wala hakai mlangoni upepo ukampiga. Hupewa uji wa pilipili manga na supu ya moto asubuhi na jioni. Ukiyapanga hayo, unapata: miguu kwanza, halafu kiuno, halafu shingo na kichwa, kitu cha moto tumboni, na tahadhari ya upepo wakati wote. Hayo ndiyo mtu anayoyahitaji Hamburg mwezi wa Januari, na kwa mpangilio huohuo. Mamangu hajawahi kuona theluji, na bado yeye ndiye aliyenipangia nguo vizuri kuliko mtu yeyote.

Joto la Hamburg mwezi huo huwa nyuzi tatu au nne mchana, na usiku hushuka hadi sifuri au chini yake kidogo. Waliokaa Canada waliniambia hiyo si baridi ya kutisha. Kwa hesabu ya kipimajoto wana haki. Lakini Hamburg ni mji wa bandari kama wetu, umekaa juu ya mto Elbe, na upepo wa Bahari ya Kaskazini huingia mjini pamoja na mvua nyembamba isiyokatika. Nyuzi sifuri zikipigwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili huzihisi kama nyuzi sita chini ya sifuri. Jambo hili mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa. Julai kusi inapovuma, usiku wetu hucheza kwenye nyuzi 20 tu, joto ambalo Mjerumani angelifungulia madirisha, na bado abiria wa alfajiri kwenye feri ya Likoni utawakuta wamejikunyata ndani ya sweta. Kinachowatesa ni upepo, unaoipukuta ngozi joto lake kabla mwili haujalirudisha. Basi ukienda kununua nguo, waza kusi, kisha zidisha.

Nguo yenyewe haina joto. Joto ni lako, na nguo kazi yake ni kulizuia lisitoroke, kwa msaada wa hewa inayonaswa katikati ya nguo moja na nyingine. Ndiyo maana nguo tatu za kadiri hushinda moja nene. Ya kwanza hukaa kwenye ngozi na kunyonya jasho kulitoa nje. Ya pili, sweta au fulana nzito, hushika hewa. Ya tatu huzuia upepo na maji. Hapa kuna jambo linalotugusa sisi hasa. Tumelelewa kuisifu pamba, kwa kuwa hunywa jasho na kuupoza mwili. Sifa hiyohiyo ndiyo hasara yake kwenye baridi: ukipanda ngazi za stesheni mbiombio ukatoka jasho, fulana ya pamba itabaki mbichi mgongoni, na ukisimama kusubiri basi itakugandisha. Karibu na ngozi vaa sufu au nguo za nailoni na poliesta zilizotengenezwa kwa baridi. Sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevu. Pamba iache kwa nguo za kulalia na za ndani ya nyumba.

Nguo nilizitafuta soko la Kongowea. Wapo wanaoagiza Nairobi, na ni kweli Gikomba kuna chaguo kubwa zaidi, lakini marobota ya mitumba yanayofunguliwa Kongowea mengi yametoka nchi zenye baridi, na makoti hutokea humo. Kwa vile wateja wake hapa ni wachache, muuzaji hapendi kukaa nalo, na bei hushuka haraka. Muulize siku anayofungua robota la makoti na ufike asubuhi, kabla ya jua kali, maana kujaribu koti la Ulaya saa saba mchana ndani ya kibanda cha mabati ni kazi ngumu.

"Dada, hili ukilishika tu unatoka jasho," kijana mmoja aliniambia huku akijipepea na kipande cha kadibodi. "Unalipeleka wapi?"

"Ujerumani."

"Basi linarudi kwao. Nipe elfu mbili."

Tuliagana kwa elfu moja na mia mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nimelikagua kama alivyonifundisha shangazi yangu, ambaye ameuza mitumba tangu mimi ni mtoto. Unaweka kiganja upande wa ndani wa koti, unaweka mdomo upande wa nje, unapuliza kwa nguvu. Ukiihisi pumzi yako kiganjani, na upepo wa Januari utapita hapohapo. Kisha unadondosha maji kidogo begani: tone likisimama na kuteleza, kitambaa kingali na kinga yake, likizama na kuacha doa jeusi, mvua itakufikia. Zipu unaipandisha na kuishusha mara kadhaa ukiwa umelivaa, kwa sababu zipu nyingi hufanya kazi koti likiwa mezani na hugoma likiwa kifuani. Unakagua mkono unapoishia: lazima pawe na mpira au kifungo cha kukaza, la sivyo upepo utapanda hadi kwapani. Na koti la manyoya ya bata unaliminya na kuliachia uone kama linavimba tena; likibaki limelala, manyoya yake yamechoka. Koti likufike chini ya makalio. Kiuno kikipigwa, hata mkaja hausaidii, na hilo ni neno la mamangu.

Lakini pesa yangu kubwa niliipeleka miguuni, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo. Ardhi ya baridi hunyonya joto kupitia soli saa zote unazosimama, na kule kusimama ni kwingi: kituo cha basi, stesheni ya treni, foleni ya ofisi. Buti ziwe na soli nene ya mpira laini yenye mifereji mirefu, na ziwe kubwa kuliko kiatu chako cha kawaida kwa namba moja, ili soksi nene ienee na vidole vicheze. Mguu uliobanwa haupitishi damu sawasawa, nao hupoa hata ukiuvika soksi tatu.

Kwenye buti za mitumba kuna hatari watu wengi hawaijui. Soli za povu la plastiki huoza ndani kwa ndani zikikaa miaka, na joto pamoja na unyevu wa aina yetu huharakisha. Kwa macho kiatu ni kipya. Ukitembea nacho wiki moja soli inamong'onyoka yote. Ikunje soli, ibonye kwa kidole gumba. Ikipasuka vijistari au ikabaki na alama ya kidole, iache. Nilizunguka sana kabla ya kupata jozi yenye mpira halisi, na fundi mmoja wa Mwembe Tayari akazishona upya pembeni kwa uzi wa nailoni. Alinitoza kidogo sana kwa kazi aliyoifanya.

Wanawake wenzangu wanaovaa buibui, lipandisheni. Buibui linaloburura ardhini litanyonya maji ya theluji iliyoyeyuka na chumvi wanayomwaga barabarani, na ukifika nyumbani umebeba kilo mbili za baridi kwenye vifundo. Yangu niliyapeleka kwa fundi cherehani akayafupisha hadi juu ya kifundo, na chini yake nikavaa taiti za sufu ambazo hazionekani. Hijabu yenyewe ni rehema kubwa: masikio na shingo vimeshafunikwa kabla hujaanza. Watu husema nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Si kweli, kichwa hupoteza joto kwa kadiri ya ukubwa wake tu, lakini masikio huuma haraka na shingo ndiyo mlango wa upepo kuingia kifuani. Wanaume wanunue boshori na skafu, kofia ya kiua haitoshi.

Leso usiiache. Doti moja iliingia kwenye begi langu la mkononi na sidhani kuna kitu kilichofanya kazi nyingi zaidi: blanketi kwenye ndege, skafu ya pili chini ya koti, msala wa kusalia, na mwishowe mbeleko.

Kwa Muislamu kuna suala la udhu. Katikati ya Januari jua la Hamburg hutoka karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa nne hivi, na ukiwa matembezini utatawadha kwenye vyoo vya stesheni, kisha utoke nje na miguu mibichi. Sheria imetupa khofu, yaani soksi za ngozi: ukizivaa ukiwa na udhu, unapangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mkaazi kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa siku tatu na usiku wake. Nilizinunua mjini, kwenye duka la vifaa vya Hija, na ndani ya buti zikawa kinga ya ziada. Nimesoma hukumu hii tangu madrasa bila ya kuihitaji, na kule niliihitaji kila siku.

Sasa upande wa pili wa sanduku.

Mamangu alikuwa amekwisha kuandaa samli, chupa nzima, imechemshwa na iliki. Nikalazimika kumweleza kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nchi zetu kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa, na samli ni maziwa.

"Mzazi bila samli?" aliniuliza. "Atapata wapi nguvu?"

"Ataipata hukohuko, mama. Kuna maduka ya Waturuki na Waafghani tele."

Hakuridhika mpaka dadangu alipompigia simu ya video akiwa dukani, karibu na stesheni kuu, akamwonyesha rafu ya samli kuanzia juu hadi chini.

Sheria hizo ni vizuri kuzijua kabla ya kufunga, kwa sababu kunyang'anywa chakula cha mzazi uwanja wa ndege ni uchungu usio wa lazima. Matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo embe, hata ikiwa ni msimu wake na kila mtu anakuletea dodo na ngowe, hubaki nyumbani. Nazi inaruhusiwa, nami nikabeba mbili zilizofuliwa. Tangawizi mbichi na mchaichai hapana. Tangawizi kavu ya kusaga ndiyo. Asumini na vikuba ambavyo shangazi alitaka kumtungia mzazi havikwenda, kwa kuwa maua mabichi nayo hudaiwa cheti. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, mradi wametolewa matumbo, na ng'onda wetu wakaingia kwenye mifuko mitatu ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, ili nguo zisinuke. Asali mwisho kilo mbili, na iende kwenye sanduku la chini, maana kwenye begi la mkononi kitu chochote cha majimaji hakipitishwi kikizidi mililita 100. Hizi ni sheria za Umoja wa Ulaya. Uingereza, Canada na Marekani zina zao, na kila moja huzitangaza kwenye tovuti ya forodha yake.

Viungo nilivinunua Marikiti, vikasagwa nikiangalia: bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki, hulba, habasoda. Kila pakiti nikaibandika jina kwa Kiingereza kwa kalamu isiyofutika. Unga wa kahawia usio na jina humpa afisa wa forodha maswali, na mwenye haki ya kuuliza ni yeye.

Ubani niliubeba, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Nyumbani chetezo cha makaa hukaa chini ya kitanda cha mzazi na hakuna anayedhurika, kwa kuwa nyumba zetu zinapumua. Kuna madirisha ya mbao, kuna matundu juu ya milango, upepo wa bahari unaingia na kutoka. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo ili joto lisipotee. Makaa yakiwaka humo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba ya Ulaya, si kwa kufukiza, si kwa kuota moto, si kwa kuchoma mahindi, hata usiku mmoja. Na moshi wa ubani wenyewe utaamsha kengele ya moshi iliyo juu ya dari. Dadangu tulimfukizia nguo kidogo tu kwa kifaa cha umeme, dirisha likiwa wazi, mwenyewe na mtoto wakiwa chumba kingine.

Mafuta ya nazi yalinifundisha kitu kidogo chenye faida. Mafuta haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ndiyo maana Mombasa tunayajua yakiwa maji karibu mwaka mzima. Ukiyatia kwenye chupa ya mdomo mwembamba, Hamburg yatakuwa mshumaa na hutoyatoa. Yatie kwenye mkebe wa mdomo mpana uchote kwa kidole; kiganjani yanayeyuka mara moja. Utayahitaji. Hewa ya nje ya baridi ikishapashwa na vyombo vya nyumbani huwa kavu mno, na ngozi iliyozoea unyevu wa bahari hupauka, midomo ikachanika, pua ikauma kwa ndani. Jipake ukiwa umetoka kuoga na mwili ungali na umajimaji, ulale na sufuria ya maji chumbani.

Dawa zako za kawaida zibebe pamoja na karatasi ya daktari. Na kama utapata homa kule ndani ya wiki za mwanzo, au hata baada ya mwezi au zaidi, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka mahali penye malaria. Usingoje akuulize. Januari hospitali zao zimejaa mafua, homa yako itaonekana kama za wengine, na malaria yetu haina subira.

Karatasi za viza sitazirefusha. Bima ya matibabu ya safari isiwe chini ya euro 30,000, ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa mtu wa Mombasa ongeza nauli ya kwenda Nairobi na kurudi. Mwenyeji akikupa barua rasmi ya dhamana kutoka ofisi ya wageni ya mji wake, mambo hurahisika sana. Soketi za Ujerumani ni za matundu mawili ya mviringo, plagi zetu za miguu mitatu haziingii, kwa hiyo nunua kiunganishi hapa kabla hujaondoka. Betri ya akiba ya simu hukaa kwenye begi la mkononi, na simu yenyewe ukiwa nje iweke mfuko wa ndani wa koti, baridi humaliza chaji upesi.

Siku ya kuondoka, buti nilizivaa na koti nikalishika mkononi. Uwanja wa ndege wa Moi kulikuwa na joto la kaskazi na watu walinitazama, lakini kuna sababu mbili nzito. Vitu hivyo viwili peke yake vingekula karibu kilo nne za sanduku lililoruhusiwa kilo 23. Na muhimu zaidi, masanduku huchelewa. Likichelewa lako huku koti liko ndani, utatoka mlango wa uwanja wa ndege na blauzi. Nguo za ndani za baridi, glavu, boshori na jozi moja ya soksi za sufu vilikaa kwenye begi la mkononi. Nilibadilisha chooni Istanbul, tulikopumzika kubadilisha ndege.

Mlango wa Hamburg ulipofunguka, kitu cha kwanza kilichoihisi baridi ni meno. Nilikuwa natabasamu kwa shemeji aliyekuja kunipokea, na meno yakaingiwa na baridi kama vile nimeuma barafu. Kisha tundu za pua zikakauka kila nikivuta pumzi, macho yakatoka machozi. Miguu ilikuwa na joto. Kifua kilikuwa na joto. Shemeji akanishika begi, akasema, "Karibu, shemeji. Tembea hatua fupi, weka mguu wote chini, mikono itoe mfukoni." Barafu nyembamba barabarani haionekani, na aliyetia mikono mfukoni akiteleza hana cha kujikingia. Tulitembea hivyo hadi kwenye gari.

Dadangu nilimkuta amevaa soksi, amejifunika kichwa, na birika iko mezani. Siku zilizofuata tulifanya kila kitu kama alivyoagiza mama: maji ya moto ya kumkanda, ambayo kule hutoka bombani usiku na mchana, uji wa pilipili manga, supu, mkaja. Ujerumani mkunga humfuata mzazi nyumbani siku za mwanzo, na aliyekuja kwetu aliutazama mkaja, akauliza unafungwaje, akapitisha vidole viwili ndani yake, akasema uachiwe kidogo lakini ubaki. Kuhusu soksi hakuwa na neno. Alichokazania ni matone ya vitamini D, ambayo watoto wachanga wa Ujerumani hupewa kila siku. Kwetu mtoto hutolewa kwenye jua la asubuhi; kule Januari jua hukaa chini mno angani na ngozi haipati cha kutengenezea vitamini hiyo, ngozi nyeusi ndiyo zaidi. Wanaohamia miji ya kaskazini kwa muda mrefu wazungumze na daktari kuhusu hili, kwa ajili yao na ya watoto wao.

Koti nilirudi nalo, na Mombasa linataka uangalizi kuliko Hamburg. Likitiwa kwenye mfuko wa nailoni, unyevu wetu hulitia ukungu kabla mwaka haujaisha. Nililifua, nikalianika kivulini kaskazi ikivuma, nikalitundika kabatini wazi na punje za karafuu mfukoni kama wafanyavyo kina mama kuzuia wadudu. Novemba lilichukuliwa na kijana wa mtaani kwetu aliyekwenda kusoma Manchester. Taiti na glavu ziko kwa binti wa jirani anayengoja viza yake. Buti bado ziko kwangu, namba 40, soli nzima, na mtu wa Mombasa anayesafiri msimu huu ambaye mguu wake unalingana nazo aje azijaribu, akiwa na soksi nene.